Mji wa Lava na Ufuo Wake: Mapumziko ya Ziwani katika Historia ya Goma

Goma ni mji wa zaidi ya watu milioni moja usiopitiwa na mto hata mmoja. Mvua inayonyesha kwa wingi kwenye miteremko ya Nyiragongo na Nyamulagira, volkano mbili zilizo hai kaskazini mwa mji, huzama upesi katika nyufa za lava, yaani miamba iliyoganda baada ya kutoka ardhini ikiwa uji wa moto, na maji hayo husafiri chini kwa chini mpaka yanapoingia Ziwa Kivu. Kwa sababu hiyo mambo ambayo katika miji mingine ya Kongo hufanyika kando ya mito, kama vile kuteka maji, kufua, kuogelea, kubatiza waumini na kukaa kivulini na chakula siku ya Jumapili, katika Goma hufanyika mahali pamoja tu, ambapo ni ufuo wa ziwa. Ufuo huo ni ukanda mwembamba unaoanzia kwenye mpaka wa Rwanda upande wa mashariki, ukapita chini ya Mlima Goma na bandari, ukafuata mitaa ya Les Volcans, Himbi na Keshero, kisha ukaelekea magharibi hadi Nzulo na Sake. Historia ya mapumziko ya watu wa Goma haiwezi kutenganishwa na historia ya ukanda huo: nani aliumiliki, nani aliruhusiwa kuufikia, na kwa saa zipi.

Maumbile yenyewe yaligawa neema zake bila usawa. Zamani za kale maji ya bonde hili yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, mpaka milima ya Virunga ilipoinuka na kuziba njia. Ndipo ziwa likajaa, likatafuta mlango upande wa kusini, na tangu hapo humwaga maji yake kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika. Uso wa Kivu uko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake ni la wastani mwaka mzima, na kina chake hufika takriban mita 480. Tofauti na Ziwa Edward, ambalo wavuvi wake wa Vitshumbi wameishi miaka yote pamoja na viboko, Kivu halijulikani kwa viboko wala mamba, na jambo hilo limechangia sana sifa yake miongoni mwa waogeleaji. Hata hivyo, upande wa Goma lava imeshuka hadi majini mara nyingi, ikaacha kingo za mawe meusi makali ambako mtu akiteleza hatua chache hujikuta kwenye kina kirefu, ilhali Gisenyi, mji pacha ulio Rwanda umbali wa matembezi ya mguu tu, una ufuo mpana wa mchanga.

Kabla ya kuja kwa Wazungu, ufuo ulithaminiwa zaidi kwa sababu ya vivuko vyake. Wahavu wa kisiwa cha Idjwi na wa pwani ya magharibi walikuwa mabingwa wa mitumbwi, na katika karne ya 19 biashara ya ziwa iliunganisha watu wa misituni na watu wa nyanda za juu za Rwanda kwa bidhaa kama mifugo, vyakula na butega. Butega ni bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, ambazo zilivaliwa miguuni kama pambo na pia zilitumika kama fedha katika masoko ya pande zote mbili za maji. Mfalme Rwabugiri wa Rwanda aliliona ziwa kama njia ya kijeshi. Aliitiisha Idjwi, na alifariki mwaka 1895 akiwa safarini kwenye maji hayo hayo, katika vita vyake dhidi ya ufalme wa Bushi. Huko kaskazini, chini ya Nyiragongo, nchi ilikuwa ya Bakumu, ambao utawala wao wa kimila ungali unajulikana kama Bukumu, na ambao ardhi yao ndiyo iliyobeba mji wa Goma baadaye.

Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika ziwani mwaka 1894 akitokea pwani ya Bahari ya Hindi, akiwa tayari amepanda Nyiragongo. Miaka michache baadaye daktari Richard Kandt aliweka makazi kusini mwa ziwa, akalizunguka na kulichora kwenye ramani. Maandishi ya wasafiri hawa yalilisifu ziwa kwa uzuri wake, kwa hewa yake na kwa uchache wa maradhi, na sifa hizo zikawa sehemu ya hoja za kisiasa, kwa kuwa Ujerumani na Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold zilikuwa zikigombea eneo hilo. Kwa miaka kadhaa wanajeshi wa pande mbili walikaa wakitazamana, Wajerumani Gisenyi na Wabelgiji Goma, mpaka mkataba wa mwaka 1910 ulipoweka mpaka wa kudumu. Idjwi ilikwenda kwa Wabelgiji, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani. Wanadiplomasia waliokaa Brussels walikuwa wakipima milima na njia za biashara, wala hawakuwa na haja ya kufikiria mahali ambapo watoto wa miji ya baadaye wangejifunza kuogelea. Lakini kwa mstari ule ule ufuo wa mchanga uliwekwa nchi moja, na mji ambao ungekuja kuwa na watu wengi zaidi ukawekwa nchi nyingine, juu ya mawe.

Kwa karibu nusu karne athari za mstari huo zilifichwa na matokeo ya vita. Majeshi ya Kibelgiji yaliitwaa Gisenyi mwaka 1916, na baada ya hapo Rwanda na Burundi zikawekwa chini ya Ubelgiji, hata pande zote mbili za mpaka zikawa na mtawala mmoja. Katika kipindi hiki ndipo mapumziko ya ziwani yalipoanza kuwa shughuli yenye majengo, ratiba na bei. Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, na Goma ikawa mlango wake wa kusini. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, chombo kilichopewa mamlaka makubwa ya kugawa ardhi kwa walowezi na kwa makampuni. Wageni waliokuja kutazama volkano na wanyama walilala kwenye hoteli kama Hôtel des Grands Lacs, na walowezi wa mashamba ya kahawa na pareto walishuka ziwani kupumzika.

Jambo lililodumu kuliko hoteli zote ni umbo la viwanja. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi, Wazungu wakakaa upande wa ziwa na Waafrika wakapangiwa mitaa ya mbali na maji, na Birere, mtaa wa wafanyabiashara wadogo unaogusa mpaka, ukakua kwa msongamano ule ule ambao bado unaonekana. Viwanja vya upande wa ziwa, ambavyo watu wa Goma huviita parseli, vilipimwa kutoka barabarani hadi kwenye maji, kiasi kwamba mwenye hati ya nyumba alijiona pia kuwa mwenye ufuo. Mwafrika aliingia humo akiwa mtunza bustani, mpishi au mpiga kasia wa mashua ya tajiri wake. Vipimo hivyo vilivyowekwa na wapima ardhi wa ukoloni havikufutwa na uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, na hapo ndipo penye chanzo cha karibu kila mgogoro wa ufuo uliofuata.

Serikali ya Rais Mobutu ilipata fursa ya kuvifuta vipimo hivyo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Dola pekee, isiyoondoleka, na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia tu. Lakini mwezi Novemba mwaka huo huo ulitangazwa mpango wa kuwapa Wazairwa, yaani raia wa Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, biashara na mashamba ya wageni, na katika Kivu, kama kwingineko, mali hizo ziliangukia zaidi mikononi mwa wakubwa wa chama tawala, maofisa na wafanyabiashara walio karibu nao. Rais mwenyewe alikuwa na makazi ya kifahari kando ya ziwa. Mwaka 1988 mkoa wa Kivu uligawanywa na Goma ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini, cheo kilichoongeza maofisa, nyumba za serikali na kuta. Wenye nyumba walibadilika. Uzio ulibaki pale pale.

Kipindi hicho hicho kilileta pia faraja moja kwa wananchi wa kawaida. Tarehe 20 Septemba 1976 Zaire, Rwanda na Burundi zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ambayo makao yake yaliwekwa Gisenyi, na ushirikiano huo ulirahisisha kuvuka mpaka kwa vibali vyepesi. Mji una njia mbili kuu za kuvukia: Petite Barrière, inayotumiwa na wachuuzi wengi waendao kwa miguu, na Grande Barrière, iliyo karibu na maji. Kwa familia ya Goma isiyo na parseli ya ziwani, matembezi ya kwenda kukaa kwenye mchanga wa Gisenyi, kuwaacha watoto wacheze majini na kurudi nyumbani jua linapopungua, yakawa desturi ya mwisho wa juma. Desturi hii inastahili uzito katika historia ya mji, kwa maana watu walikuwa wakirudisha kwa miguu yao kile ambacho mkataba wa 1910 ulikitenganisha.

Julai 1994 iliusimamisha utaratibu huo wote. Katika siku chache watu wapatao milioni moja walivuka kutoka Rwanda, wakiwemo raia wengi waliokuwa wakikimbia na pia waliotenda mauaji ya kimbari nchini humo pamoja na jeshi lao lililoshindwa. Ardhi ya lava haikuruhusu kuchimba visima wala makaburi kwa urahisi, na ziwa likawa chanzo cha maji kilichokuwa karibu zaidi kwa umati usio na vyoo. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 ndani ya mwezi mmoja hivi. Ufuo ambao kizazi kimoja kilikuwa kimeujua kama mahali pa kufurahia Jumapili ulifahamika ulimwenguni kwa picha za watu wakiteka maji machafu, na yeyote anayeandika juu ya starehe za Goma ana wajibu wa kukumbuka kwamba maji ni yale yale.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka kwenye mbavu zake za kusini. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaacha zaidi ya watu 100,000 bila makazi, na hatimaye ikaingia ziwani ikifoka mvuke na kuunda ardhi mpya mahali palipokuwa maji. Wakazi walirudi mapema kuliko wataalamu walivyotarajia, wakaanza kuvunja mawe hayo na kuyajengea. Kuta ndefu nyeusi zinazoficha ziwa kwa mtu anayetembea leo Himbi zimejengwa kwa lava ya namna hiyo hiyo.

Hatari nyingine ya ufuo haionekani kwa macho, na kwa kuwa inahusu moja kwa moja wale wanaokaa na kuoga kando ya maji, inahitaji kuelezwa kwa kirefu. Watu wa eneo hili huita mazuku ile hewa nzito inayotoka kwenye nyufa za ardhi na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, ambayo huua mbuzi, mbwa, na mara nyingine binadamu, bila moshi na bila kelele. Wanasayansi wamethibitisha kwamba ni hewa ya ukaa inayotoka chini ya volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, kisha hupungua jua linapopanda na upepo kuanza kuvuma. Maeneo yanayojulikana zaidi yako magharibi mwa mji, kuanzia Himbi kuelekea Bulengo, Lac Vert na ghuba ya Kabuno, yaani katika mwambao ule ule wenye mandhari ya kuvutia na nafasi ya kutosha kwa mapumziko. Wenyeji wamejifunza kutoinama ovyo mashimoni, kutolaza watoto chini katika sehemu fulani, na kusoma mizoga ya ndege na wadudu kama onyo. Elimu hiyo ilikuwepo kabla ya vipimo vya maabara, na ilipaswa kuandikwa kwenye mabango ya ufuo wote tangu zamani.

Hewa hiyo haipaswi kuchanganywa na ile iliyomo ndani ya ziwa lenyewe. Katika safari zake za utafiti za mwaka 1935 na 1936 Mbelgiji Hubert Damas alionyesha kwamba maji ya kina cha Kivu yana tabia tofauti na ya juu, na uchunguzi uliofuata ulikadiria kuwa humo mmeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, ambayo ni gesi inayowaka. Kiwanda cha bia cha Gisenyi, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilianza kutumia methani hiyo katika miaka ya 1960. Gesi hizo zimefungiwa chini na uzito wa maji na haziwagusi waogeleaji. Lakini baada ya Ziwa Nyos la Kamerun kutoa hewa ya ukaa kwa ghafula mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700, hakuna mlipuko wa Nyiragongo uliopita bila swali la Kivu kuulizwa. Mwezi Mei 2021, siku chache baada ya lava ya mlipuko wa mwezi huo kusimama Buhene, kwenye ukingo wa mji, hofu kwamba moto wa chini ya ardhi ungefika ziwani ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa na gavana wa kijeshi alipoamuru mitaa kumi ihamishwe.

Vita vya miaka ya 1990 na 2000 vilileta Goma fedha za madini, mashirika ya misaada na ujumbe wa Umoja wa Mataifa, na thamani ya viwanja vya ziwani ikapanda kupita kiasi. Palipokuwa na bustani pakajengwa hoteli zenye gati na viti juu ya maji. Katika hoteli hizo ziwa hulipiwa kwa njia ya kinywaji: anayeweza kununua soda au bia ya Primus hukaa na kutazama maji, asiyeweza hubaki nyuma ya ukuta. Virunga nayo ilifungua kambi ya watalii kwenye Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo ambacho ni ukingo wa kreta ya kale iliyozama, ambako wageni walikuwa wakipiga kasia na kuogelea katika maji yaliyotulia. Ni mahali pazuri mno, lakini bei yake ilikuwa ya wageni. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inayahesabu maziwa kuwa mali ya umma, na kwa karatasi hiyo mwananchi wa Birere ana haki ya ziwa sawa na mwenye hoteli. Hakuna sheria inayoweza kutekelezwa, hata hivyo, pale ambapo hakuna njia ya kupita kufika majini.

Kilichobaki ni mianya: kichochoro kati ya kuta mbili, upande wa bandari, ufuo mdogo wa umma, soko la Kituku huko Keshero. Katika mianya hiyo shughuli zote hubanana. Alfajiri hufika wachota maji na mabidoni yao ya njano, baadhi wakiyapakia kwenye chukudu, baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali ambayo ni fahari ya mji huu. Hufuata wanawake wanaofua na kuanika nguo juu ya lava, ambayo hukaushwa na jua haraka kuliko majani. Mchana wavulana huruka kutoka miambani. Jumapili makanisa ya kiroho hubatiza waumini wao waliovaa meupe, maharusi huja kupigwa picha, na wachuuzi hupita na sambaza zilizokaangwa. Samaki hawa wadogo hawakuwemo Kivu tangu asili. Walihamishwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi huwavua usiku kwa taa, wakiwa katika mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa nguzo ndefu. Kitoweo ambacho kila mtu hukihesabu kuwa cha asili cha ufuo wa Goma kina umri mdogo kuliko wazee wengi wanaokila.

Kituku, kwa kuwa ni soko, bandari, mahali pa kuteka maji na mahali pa kuogelea kwa pamoja, imebeba pia misiba ya mji. Barabara ya Minova ilipofungwa na vita, abiria na vyakula vyote vilihamia majini, na tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyojazwa kupita kiasi ikitokea Minova ilipinduka ikiwa karibu kutia nanga hapo, ikaua makumi ya watu. Huko Bulengo, kwenye mwambao wa mazuku, maelfu ya waliokimbia mapigano waliishi kwenye mahema mpaka mwanzoni mwa 2025.

Njia ya Gisenyi nayo imekuwa ikisinyaa. Mpaka ulifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Ulipofunguliwa tena haukupata muda wa kurudia hali ya zamani, kwani tarehe 17 Juni 2022 mwanajeshi wa Kongo aliuawa kwenye Petite Barrière baada ya kufyatua risasi upande wa Rwanda, na mamlaka za Kongo zikaamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Kwa mchuuzi uamuzi huo ulimaanisha hasara ya soko la jioni. Kwa familia iliyozoea mchanga wa ng'ambo ulimaanisha kwamba watoto walitakiwa kutoka majini mchana, saa ambayo maji ya Kivu ndiyo kwanza yamepata vuguvugu. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, uwanja wa ndege ukafungwa, na boti za kwenda Bukavu zikasimama hadi Februari, baada ya Bukavu nayo kutekwa. Wakati maji ya bomba yalipokatika katika siku za mapigano, watu wa mitaa yote, wenye parseli na wasio nazo, walishuka ziwani na mabidoni, wakipitia mianya ile ile michache.